Vistari Vitatu

Vistari vitatu, na juu yake pasiwe na kitu,
hata mstari mmoja mtupu,
maana mashine hii hukagua kichwa
kabla ya kusikia neno. Kisha naandika:

kichwa: Daftari la saba
mwandishi:

na hapo nakwama.

Ibra, sebuleni kwa shangazi. Kiyoyozi kinakoroma,
kokwa za tende zimejaa kisahani.
Madaftari thelathini na moja yamo katika boksi
la televisheni iliyokwisha kutupwa zamani:
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa buluu,
na pengine penseli ya nyusi,
pale kalamu ilipogoma na mtoto hangoji.

Bi Shinuna alikuwa mkunga.
Kiwiliwili hakinisumbui: alama ya reli kwa kila kijiji,
kistari kwa kila mtoto, na jina la mama
nalishika kwa nyota mbili huku, mbili huku,
lisimame jeusi kuliko mengine.
Kazi iko huko juu.
"Basi ni kama kwetu," anasema. "Kichwa kwanza.
Kikitangulia kingine, tumo mashakani."

Mwandishi nani, shangazi?
Kumi ya mwanzo aliandika Humudi, mumewe,
yeye akitamka huku ananawa mikono.
Humudi alipofifiwa na macho akaandika Thuraya,
anayechora nuni kama kikombe kilichopinduka.
Kuanzia la ishirini na mbili mwandiko ni wake mwenyewe,
mkubwa, wa mtu aliyejifunza akiwa na wajukuu.
Nikaweka majina matatu, moja chini ya jingine,
nafasi mbili mbili pembeni. Si tatu. Mashine huona.

Bidiya walizaliwa pacha.
Nikaandika kichwa: Bidiya: pacha,
ikakataa kata kata.
Nukta mbili za pili ilizidhani mlango mwingine,
ikatafuta chumba, haikukiona.
Nikamviringisha kwa alama za nukuu, mwanzo na mwisho,
kama anavyofungwa mtoto kangani,
akatulia.

lugha: sw
Herufi mbili tu. Sikuridhika,
nikabuni ufunguo wangu chini yake,
hati: Kiarabu, asije mtu baadaye
akatafuta humu a, e, i, o, u.

Tarehe ndiyo iliyotugombanisha.
Mashine yataka mwaka, mwezi, siku, tarakimu tupu.
Daftari lasema:
usiku wa pili tangu wadi iliposhuka na mbuzi wa Sinaw.
Lasema: siku jenereta ilipowashwa kwa mara ya kwanza,
mama akadhani ni yeye anayetetemeka.
Nikasema, tukadirie.
Shangazi akaniletea pasipoti yake kutoka kabatini.
Tarehe moja Januari.
Ya dada yake, marehemu, tarehe moja Januari.
Nusu ya wazee wa mtaa huu, ukiwauliza,
walizaliwa asubuhi moja, kwa foleni.

"Karani alinitazama meno," akasema,
"akaniandikia. Nikamwambia mimi ni wa joto,
wa rutabu za mwanzo, mama alinizaa
na kapu halijashushwa mtendeni.
Akasema kisanduku chake hakina pa kuweka tende."

Sikujibu. Nilikuwa nimeshakadiria matatu.
Nikayarudia, nikayafuta.

Saa nne usiku akaniagiza nifungue faili jipya.
Akatamka kama alivyomtamkia Humudi, taratibu,
akinitazama vidole:

kichwa: Shinuna
mahali: Mudhaibi, nyumba ya nyuma
mkunga: hakuwepo, aliitwa akachelewa
tarehe: rutabu za mwanzo

Chini ya vistari vya kufungia hakutaka neno lolote.
Nikahifadhi.
Likatokea onyo la njano: tarehe haisomeki,
na faili likashuka mkiani, chini ya yote.

Akavaa miwani, akasogea hadi pua ikagusa kioo.
"Inasomeka," akasema.
"Hebu soma."